Ilaze, Usiisimamishe

12 Januari

Mdogo wangu, Bwana Futi,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na futi yako imening'inia kiunoni kama kawaida. Sisi huku hatujambo. Shangazi goti bado linamsumbua, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Jana kaja kunielekeza namna ya kushona kola, mimi niliyeshona kola miaka kumi na tisa. Mzee anakusalimu sana na anauliza kama bado unalala na soksi. Amekataa katakata nikupigie simu. Anasema simu ni ya kutangazia misiba na kuulizia umeme utarudi lini, mengine yote yaandikwe. Mtu aliyepanga barua za watu posta miaka thelathini na moja humwambii kitu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni ile picha yenu ya vipande.

Unakumbuka ulivyoiacha. Vipande elfu moja vya karatasi ngumu, zawadi ya Mzee ya kustaafu kutoka kwa wenzake wa posta, imekaa juu ya kabati miaka sita mpaka wiki ile unaondoka ndipo mkaifungua. Mkavitenga kwenye bahasha kuukuu, naye akaandika juu ya kila bahasha utadhani yuko kazini: KINGO, MAJI, MATOFALI, MBINGU, na ile moja ya SIJUI. Mkagawana. Daraja na mto vyake, mbingu yako, na mtamalizia pamoja ukija likizo mwezi wa sita. Ulipopanda basi hamkuwa mmeunganisha hata kipande kimoja.

Basi sasa ameunganisha. Kingo zote nne, kipande cha daraja, na mto nusu. Na ameunganishia wapi? Juu ya meza yangu ya kukatia. Mimi nakatia nguo sakafuni, mpaka magoti yangu na ya Shangazi yamekuwa ndugu. Nilijaribu kuifunika kwa shuka. Nilipolifunua, vipande kumi na kimoja vikaja na shuka, na Mzee akaninunia siku nzima. Juzi mteja kaweka mkoba wake juu ya mto. Nikiinyanyua kwa mikono inakatika katikati.

Wewe ndiye seremala. Niambie picha ambayo haijakwisha inahifadhiwa vipi ndani ya nyumba isiharibike, nami nirudishiwe meza yangu.

Mzee mwenyewe hajambo. Kamwaga chai mara mbili wiki hii, lakini nani hamwagi chai. Mengine hayana haraka.

Dada yako


6 Februari

Dada Pini,

Barua imenikuta mzima. Mwambie Mzee soksi bado nalala nazo, na Shangazi mwambie namwonea huruma goti, si mdomo. Wewe nakuonya tena uache kushikilia pini kwa meno. Siku utacheka ghafla tukuletee daktari.

Mimi niko vilevile. Karakana ya huku nchi ya watu ni kubwa, paa la bati, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Tangu nifike sijatengeneza hata kiti. Milango tu, arobaini kwa siku, ya nyumba ambazo sitaziona. Chumbani tuko sita, vitanda vya chuma vya ghorofa, na mimi nashukuru nimepata cha chini, maana chini yake kuna nafasi ya shubiri moja ya kuwekea vitu.

Haya, picha. Shuka litoe kabisa, kitambaa kinachoning'inia ni adui wa kazi kama hiyo. Mpelekee yule fundi wa mtaa wa nyuma mchoro huu niliouambatisha. Atengeneze kasha la bapa: chini plaiwudi laini, pembeni fito za kimo cha kidole kimoja, juu kifuniko ambacho ndani yake kimebandikwa kitambaa cha blanketi. Blanketi likivikalia vipande kwa uzito kidogo, havitembei. Vipimo vya ndani ni sentimita sabini kwa arobaini na nne, usiongeze, usipunguze, maana picha ikipata pa kuchezea itaachana. Kuihamisha, ingiza chini yake karatasi ngumu, taratibu, kisha iteleze kutoka mezani hadi ndani ya kasha. Bahasha za vipande vilivyobaki zikae kwenye bati la biskuti, panya wasizile na unyevu usizivimbishe.

Ukishafunga, kasha liende chini ya kitanda cha Mzee. Ilaze, usiisimamishe. Hata uifunge vipi, ikisimama vipande vinashuka upande mmoja, na siku ya kufungua utakuta rundo. Na gundi usiisogeze karibu. Gundi ni ya kazi iliyokwisha.

Kuhusu mwezi wa sita, jina langu nimeshalipeleka ofisini. Tuombe heri.

Mdogo wako


1 Machi

Bwana Futi,

Salamu nyingi. Shangazi anasema amekusikia na atakujibu mwenyewe ana kwa ana. Mimi sijameza pini.

Kasha limetoka zuri ajabu. Fundi kausifia mchoro wako mpaka nikajisikia mimi ndiye niliyeuchora. Tatizo ni moja tu, picha haiingii.

Tulikuwa watatu: mimi upande huu, fundi upande ule, Shangazi katikati akitoa amri. Karatasi ngumu ikapita chini vizuri, picha ikateleza vizuri, kufika kwenye kasha ikagoma. Upande wa juu umezidi kwa vidole viwili. Upande wa chini umepungua, unacheza. Mzee alikuwa kwenye kiti chake akisema, "Taratibu, taratibu, msinivunjie daraja," na uso kaugeuzia mlangoni, wakati sisi tuko huku mezani. Nikamwambia kasha dogo. Akasema, "Kijana alipima kwa haraka. Safari ilikuwa imeshamkaba."

Hata mimi nasema hivyo. Seremala mzima, unashindwa na sentimita sabini! Kasha liko tupu chini ya kitanda, mimi nimerudi sakafuni. Niandikie vipimo vya kweli.

Dada yako


24 Machi

Dada,

Wasalimu wote. Mimi mzima.

Nimeambiwa mengi katika maisha yangu, na mengine ni kweli, lakini kupima vibaya, hapana. Kile kipimo sikukitoa kichwani. Kimeandikwa ubavuni mwa sanduku la picha yenyewe, nikakinakili siku ileile tulipolifungua. Nenda kasome. Na hakuna kiwanda kinachokata picha yenye juu refu kuliko chini.

Kwa hiyo nifanyie hivi. Hesabu vipande vya kingo. Juu lazima viwe arobaini, chini arobaini, ubavu huu ishirini na tano, na ule ishirini na tano. Visipokuwa hivyo, kuna vilivyolazimishwa kukaa pasipo pao.

Na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, maana Mzee halazimishi kitu. Yule alikuwa anasoma anwani iliyolowa mvua, imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye basi linalotembea, na barua inafika. Umeniandikia kwamba mlikuwa mezani na yeye anaangalia mlangoni. Umeniandikia chai imemwagika mara mbili. Dada, nakujua. Ukinyamaza una pini mdomoni.

Nini kinaendelea?

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu utazipata mwisho, leo siwezi kuanza nazo.

Nimehesabu. Juu kuna vipande arobaini na viwili, chini thelathini na vinane. Viwili vya chini kavipachika juu, akavikandamiza kwa kidole gumba mpaka vimepinda masikio. Hukupima vibaya. Nisamehe.

Mzee macho yanakwenda. Ni presha ya macho. Ilianza kabla hujaondoka, alijua na akanyamaza. Mimi nimejua mwezi wa kumi, wewe umeshaondoka, siku nilipomkuta anamsalimia cherehani akidhani ni mteja. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikidhani ni mzaha. Daktari anasema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Namtia dawa ya matone asubuhi na jioni. Inashikilia kilichobaki, hairudishi kilichokwenda. Nilimwuliza daktari itachukua muda gani. Akasema labda hadi mwisho wa mwaka, labda mapema zaidi.

Aliniapisha nisikwambie. Alisema, "Ataacha kazi yake aje kunitazama nisivyomwona." Nikaapa, na leo nimevunja, na sijutii.

Anataka kitu kimoja tu, ndugu yangu, na hakisemi ila mimi nakijua. Anataka aione hiyo picha imekamilika, nawe umekaa upande wa pili wa meza, kabla hilo tundu halijaziba. Ndiyo maana haniachii meza. Kila siku anaunganisha vipande vitatu, vinne, pua imekaribia kugusa mto. Anakimbizana na macho yake mwenyewe.

Usingoje mwezi wa sita. Omba ruhusa sasa hivi. Njoo.

Shangazi hajambo. Wote wanakusalimu.

Dada yako


10 Mei

Dada mpendwa,

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi sijambo. Huku mvua zimeanza na mbao zinavimba. Mlango ukiupiga randa asubuhi, jioni haufungi. Msimamizi anapiga kelele kana kwamba mvua tumeileta sisi. Mmoja wa wenzangu chumbani kaondoka, kaja mwingine, anakoroma kama msumeno butu. Chakula si kibaya.

Barua yako niliisomea chooni, maana ndipo pekee penye mlango wa kufunga. Nimelia. Sioni haya kukwambia.

Zile kingo zirekebishe wewe. Mzee akilala mchana, ng'oa vile viwili vya juu, virudishe chini, kisha unganisha upya pembe. Ni kazi ya nusu saa. Asijue. Sitaki avione kuwa ni kosa. Ikishakaa sawa itaingia kashani, ifunge, ilaze chini ya kitanda, afungue akitaka kufanya kazi na afunge akichoka. Nawe utapata meza yako.

Suala la kuja nalishughulikia.

Mdogo wako


5 Juni

Mdogo wangu,

Sote wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta siku utakayofika. Nimeona mvua, nimeona mbao, nimeona mtu anayekoroma.

Nilifanya ulivyonielekeza. Jumamosi mchana, Mzee kalala, nikang'oa viwili, nikavirudisha, nikafunga pembe. Kasha likaipokea picha bila kubakiza hata upenyo wa ukucha. Nilijisikia fundi. Nikaifuta meza yangu, nikatandaza kitambaa, nikashika mkasi.

Mzee kaamka, kaomba kasha. Nikamwekea mapajani, nikafungua kifuniko. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa juu, polepole, kutoka kona hadi kona. Kumbe siku hizi haangalii, anasoma kwa kidole, na kila kipande anakifahamu. Alipofika katikati akasimama.

"Nani amepita hapa?"

Nikasema mimi. Hakupandisha sauti. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, la kule posta. Kila mpangaji alikuwa na rafu yake, na mwingine haingizi mkono humo, hata mkubwa wa ofisi. Barua ikiwekwa pasipo pake, mwenye rafu anaitwa, anaambiwa, anairudisha kwa mkono wake. Akasema, "Ungeniambia. Ningeisahihisha mwenyewe."

Nami, kwa hasira za kujitetea, nikamjibu, "Usingeiona, Baba."

Limenitoka tu. Miezi yote tumezunguka neno hilo kama shimo la njiani, nikaja kulitamka mimi, kwa ukali, nimeshika mkasi. Alifunga kifuniko, na siku mbili hakuliulizia kasha.

Siku ya tatu akaomba bahasha zake. Akazipapasa, akazinusa, akatoa moja na kuitia ndani ya bahasha kubwa ya khaki. Akaandika anwani mwenyewe, amenipa mgongo. Akaniambia nimpeleke posta. Nilimshika mkono hadi pale, lakini stempu alibandika yeye, na tundu la sanduku alilitafuta yeye kwa vidole mpaka akalipata, akasukuma. Nadhani ni yako. Mpaka ukisoma hii itakuwa imefika.

Kasha halifungui tena. Mwezi wa sita umeingia, na kila gari likipiga breki nje anauliza ni nani.

Dada yako


19 Agosti

Dada mpendwa, na Mzee wangu, shikamoo.

Mimi mzima wa afya. Nisameheni kwa kimya, bahasha ya Mzee nimeipata mwanzoni mwa wiki hii.

Ndani kuna mbingu yote. Nimehesabu, vipande mia mbili na kumi na vinne vya buluu, hakuna kilichopotea. Na karatasi yako, Mzee, nimeisoma: "Mbingu ni yako. Mimi siitofautishi na maji. Njoo nayo." Nimeiweka kwenye mfuko wa shati.

Nimeshaanza kazi. Nimechukua ubao wa mlango uliokataliwa, nimeukata kwa kipimo, nimeuzungushia fito. Naunganisha nikitoka kazini, juu ya kitanda, wenzangu wanapita kwa vidole vya miguu. Nikimaliza nafunika kwa kipande cha blanketi na ubao wa pili, nafunga kamba mbili, nalaza chini ya kitanda. Ile shubiri moja imetosha kabisa. Wala usijali, Mzee, hakuna anayegusa rafu yangu.

Mwanao, na mdogo wako

[ukurasa wa pili]

Dada, huu ni wako peke yako. Usimsomee.

Bahasha imetembea miezi miwili na nusu. Sanduku letu la posta huku ni 518, yeye kaandika 578. Ina mihuri ya posta tatu, na mtu mmoja kaandika juu kwa penseli, "Hajulikani." Mzee wetu! Asijue kamwe.

La pili ndilo nililokuwa nalizunguka. Pasipoti yangu sina. Waliichukua wiki ya kwanza, iko kwenye kabati la chuma la tajiri, na za wenzangu wote. Nilipopata barua yako ya macho nilikwenda siku ileile. Akasema nitapewa milango ikiisha. Nimekwenda mara nne. Milango haiishi, Dada, ndiyo kazi ya pale. Ile karatasi niliyosaini inasema miaka mitatu bila likizo. Mzee aliniambia niisome yote kabla ya kuweka jina. Nilikuwa na haraka, nikamjibu nimeisoma.

Mbingu naweza kuirudisha kwa posta. Lakini nikiirudisha nitakuwa nimemjibu. Sina njia. Niambie la kufanya.


14 Septemba

Mdogo wangu,

Shangazi anakusalimu. Goti limepoa kidogo, sasa analalamikia kiwiko.

Barua yako ilifika Jumanne. Mzee alikuwa kibarazani, akaipokea yeye kutoka kwa mleta barua, akaipima kiganjani kidogo kabla ya kunipa. Nikakaa karibu yake, nikasoma kwa sauti. Soma soma, mpaka fito na kamba, mpaka "mwanao, na mdogo wako." Alitabasamu pale kwenye wenzako wanaopita kwa vidole. Nikakunja.

Akasema, "Hizi ni karatasi mbili. Umesoma moja."

Miaka thelathini na moja, ndugu yangu. Tungemdanganya vipi kwa uzito wa barua? Nilisema ya pili ni mambo ya kike, ya vitambaa. Akanyoosha mkono tu na kusema, "Soma, mwanangu. Macho ndiyo yameniacha, si masikio."

Nikasoma. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye namba ya sanduku aliuliza, "Nilikosea wapi?" Nikamwambia, moja umeandika saba. Akatikisa kichwa, akaichora ile moja hewani kwa kidole, na saba pembeni yake. Nilipofika kwenye karatasi uliyosaini nilingoja aseme kwamba alikwambia. Hakusema.

Tukakaa pale mpaka jua likatoka kibarazani. Siku hizi hilo ndilo analoliona, mwanga na kivuli. Hilo tundu halikungoja mwisho wa mwaka. Nilikuwa sijakuandikia. Nawe ulikuwa hujaniandikia ya kabati la chuma, kwa hiyo tuko sawa.

Kisha akaomba kasha. Ndiyo mara ya kwanza tangu Juni. Nikamfungulia. Akapita darajani kwa vidole, akapita mtoni, akapanda juu mpaka palipokatika, pale mbingu inapotakiwa kuanza, akaacha kiganja chake juu ya plaiwudi tupu. Akaniambia nikuandikie maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyatoa:

"Mwambie miaka mitatu ni mirefu kwa karatasi. Blanketi alibadilishe mvua zikija. Ailaze, asiisimamishe."

Akafunga kifuniko mwenyewe.

Unaniuliza la kufanya. Sina, mdogo wangu. Nimelitafuta kwa pini na kwa mkasi, sina. Meza yangu nimerudishiwa, ni nyeupe, ni kubwa. Leo nimekatia nguo sakafuni.

Dada yako